Carina inapoteza maji bila kudondosha na inatoa moshi asubuhi: nianze kupima wapi kabla ya kufungua injini?

Mwalimu wa Makorora

Shikamooni wakubwa, na walio rika langu habari za jioni. Ninaomba ushauri kuhusu gari langu, Toyota Carina Ti ya mwaka 1998 yenye injini ya 5A-FE na gia za otomatiki, ambalo nililinunua kwa mtu hapa Tanga mjini miezi 7 iliyopita. Ninalitumia kwenda kazini, na mara moja kwa mwezi ninapanda nalo Lushoto kumwangalia mama.

Matatizo ni mawili, na sijui kama ni ugonjwa mmoja. La kwanza, maji ya rejeta yanapungua. Kila baada ya siku 3 au 4 ninaongeza kiasi cha chupa ya lita moja, lakini sijawahi kuona tone chini ya injini gari likiwa limelala; nimetandika hata maboksi usiku kucha, yakaamka makavu. Maji ninayoongeza ni ya kisima cha nyumbani, kwa sababu mwenye gari wa awali aliniambia kwamba ndiyo aliyokuwa akitumia. La pili ni moshi. Asubuhi nikiwasha, wingu linatoka kwa karibu nusu dakika, kisha linakatika. Jirani yangu anasema ni mweupe, mimi ninauona una ubluu kwa mbali. Unajirudia pia ninapoteremka kutoka Lushoto, pale ninapokanyaga mafuta baada ya kuwa nimeachia mguu kwa muda mrefu.

Geji ya joto nayo inanichanganya. Kutoka hapa hadi Muheza mshale unakaa chini kabisa, karibu na herufi C, lakini nikianza kupanda kutoka Mombo unainuka hadi robo tatu, na safari iliyopita nililazimika kusimama Soni kwa zaidi ya saa moja.

Nimekwenda kwa mafundi wawili. Wa kwanza alisikiliza kwa dakika mbili akasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imeungua, nimpe laki 6. Wa pili alisema ringi za pistoni zimekwisha, hivyo nitafute injini nyingine iliyotumika, milioni moja na nusu kabla ya ufundi. Hakuna hata mmoja aliyefungua plagi. Nitajuaje nani mkweli?

Fundi wa Ngamiani

Marahaba, Mwalimu, na pole. Usimlipe mtu yeyote hata shilingi ya kufungua injini mpaka vipimo ninavyovieleza hapa viwe vimefanyika, kwa sababu kwa maelezo yako mimi ninaona magonjwa mawili yaliyokutana katika gari moja, na huenda hakuna hata mmoja unaodai silinda hedi itolewe.

Tuanze na moshi, maana rangi yake ndiyo iliyowagombanisha wewe na jirani. Mvuke wa maji hutoweka hewani hatua chache nyuma ya gari na hauchomi pua. Moshi wa oili huelea chini chini, hubaki, na harufu yake unaijua ukiinusa mara moja. Gasketi iliyoungua hadi maji yakaingia kwenye silinda mara nyingi haitoi mvuke wa nusu dakika na kuacha. Huendelea hata injini ikishika joto. Jambo jingine: ushauri mwingi tunaousoma umetoka nchi za baridi, na huko mvuke mweupe wa asubuhi ni wa kawaida kwa kila gari, kwa kuwa maji yanayotokana na kuungua kwa petroli hugeuka ukungu yakikutana na hewa baridi. Lushoto alfajiri ya mwezi wa 7 utauona mvuke huo hata kwa gari zima. Hapa Tanga, kwenye joto letu, gari zima halina sababu ya kutoa wingu. Kwa hiyo moshi wako upimie Tanga, usiupimie kwa mama.

Kipimo chenyewe ni cha karatasi. Gari likiwa limelala usiku kucha, mtu mwingine awashe huku wewe umeshika karatasi nyeupe kiasi cha shubiri moja nyuma ya bomba la ekzosi, kwa nusu dakika hiyo hiyo. Iache ikauke. Ikiwa ni maji, karatasi itakauka bila kubaki kitu zaidi ya masizi kidogo. Ikiwa ni oili, utaona madoa ambayo ukiyainua kwenye mwanga yanang'aa kama karatasi iliyofungiwa maandazi.

Mimi ninatarajia maandazi. Moshi wa kuwasha na wa baada ya mteremko ni tabia ya sili za valvu, vile vimpira vinavyozuia oili isiingie kwenye silinda, zilizokuwa ngumu kwa uzee. Usiku oili iliyobaki juu hutiririka taratibu kwenye mashina ya valvu na kutuama. Asubuhi inaungua yote kwa pamoja, kisha basi. Katika mteremko, mguu ukiwa umeachia, injini inavuta kwa nguvu upande wa inteki, yaani wa kuingizia hewa, huku njia ya hewa imefungwa, hivyo inanyonya oili kupitia sili hizo hizo, na ukikanyaga inatoka nyuma. Ringi zilizokwisha hutoa moshi zaidi gari likielemewa, yaani wakati wa kupanda. Tuambie: ukipanda kutoka Mombo, kwenye kioo cha nyuma unaona nini?

Sasa maji. Injini hii ina bloku ya chuma na silinda hedi ya aluminiamu, metali mbili zisizotanuka sawa, kwa hiyo ikichemka vibaya mara kadhaa hedi inaweza kupinda, na hapo gasketi huungua kweli. Sikatai kwamba inawezekana. Ninachokataa ni kuitaja gasketi kabla ya kuitafuta. Fanya haya kwa mpangilio, gari likiwa baridi kabisa. Mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto hata kama una haraka gani. Mkono wangu wa kulia una kovu la mwaka wa kwanza wa ufundi. Mfumo ule unakaa kwenye shinikizo la karibu bar 0.9 juu ya hewa ya kawaida, na kwa shinikizo hilo maji hayachemki hadi yakaribie nyuzi 118. Ukifungua, shinikizo linaondoka mara moja, na maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke usoni pako.

Chomoa kijiti cha oili, na cha gia boksi pia. Oili iliyochanganyika na maji huwa kama uji wa maziwa. Ute kidogo chini ya mfuniko wa oili peke yake usikutishe, maana safari fupi za mjini huleta unyevu huo. Gia boksi inaangaliwa kwa sababu kwenye otomatiki mafuta yake hupozwa ndani ya tangi la rejeta, na bomba lile likitoboka maji huhamia huko. Mafuta yakiwa na rangi ya waridi yenye maziwa, usiliendeshe gari hata hadi dukani. Kisha toa plagi zote 4 na uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Silinda inayokunywa maji huoshwa na mvuke, na plagi yake hutoka safi mno kuliko wenzake. Ukipata tochi nyembamba, chungulia na kichwa cha pistoni.

Plagi zikiwa nje, fundi aweke geji ya kompresheni, yaani ya mgandamizo ndani ya kila silinda. Namba zikikaribia 190 kwa kipimo cha psi, injini ni kama mpya. Zikishuka chini ya 140 ndipo tuzungumze habari ya ovahoo, yaani kuifumua na kuitengeneza injini yote. Mbili za jirani zikiwa chini huku nyingine ziko juu, hapo gasketi imekatika katikati yake. Mwisho, pampu ya kupimia rejeta: inafungwa mahali pa mfuniko, inapandishwa hadi karibu bar moja, na inaachwa. Mshale ukishuka, maji yanakwenda mahali fulani, na kazi yetu ni kukitafuta kidimbwi. Ukiiacha usiku kucha na asubuhi ukazungusha injini plagi zikiwa nje, silinda inayovuja itatema maji kwa tundu la plagi mbele ya macho yako, na ubishi utaisha.

Msafiri wa Soni

Ninamheshimu sana fundi, lakini nisingependa Mwalimu aondoe gasketi kwenye hesabu mapema. Gari langu lilikuwa hivyo hivyo: chini pakavu, maji yanapungua, na joto linapanda kwenye kona za juu ya Mombo. Kilichonionyesha ukweli ni hozi ya juu ya rejeta. Nilipoishika asubuhi, dakika moja tu baada ya kuwasha, ilikuwa imeshakakamaa kama tairi la baiskeli, wakati maji hayajapata hata uvuguvugu. Maji baridi hayawezi kujenga shinikizo hilo. Ni gesi ya silinda iliyokuwa inapenya. Kwenye kopo la akiba viputo vilikuwa vinatoka bila kukoma, na mfuniko ulipofunguliwa palinuka ekzosi. Nilichelewa miezi miwili nikiongeza maji, na hedi ilipotolewa ilikutwa imepinda kiasi cha kutofaa kusawazishwa.

Fundi wa Ngamiani

Ahsante kwa nyongeza hiyo. Kipimo cha hozi ni kizuri na ni cha bure. Kipo pia kipimo cha kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta, ambacho hugeuka manjano kikikutana na gesi ya injini ya petroli. Mwalimu, ongeza hayo mawili.

Kijana wa Pangani

Samahani kwa kuingilia, wakubwa. Je, ile dawa ya kuziba inayomiminwa kwenye rejeta haiwezi kumsaidia wakati anatafuta fedha? Mimi kuna mzee aliyenishauri nitie bizari ya manjano, na kwa wiki mbili gari lilikuwa linanukia mchuzi, lakini halikuvuja.

Fundi wa Ngamiani

Na wiki ya tatu je? Kitu kinachoweza kuziba tundu hakijui lipi ni tundu na lipi ni njia. Kitaziba pia vijibomba vya rejeta, ambavyo kwenye gari la miaka hii vimeshaanza kujaa kutu. Ukiwa porini na safari ni ndefu sitakulaumu, ila ukifika mjini uoshe mfumo wote. Kwa anayetafuta ugonjwa, dawa hiyo inafuta alama za njia.

Mwalimu wa Makorora

Ahsanteni nyote. Nimechukua siku 6 kufanya yote hayo, nikisaidiwa na kijana mmoja wa gereji ya jirani aliyekubali kuja na vifaa nyumbani.

Karatasi: maandazi, fundi wangu, tena yaliyokolea mafuta. Jirani amekubali kushindwa. Wakati wa kupanda hakuna moshi ninaouona. Kijiti cha oili ni safi na cha gia boksi ni chekundu bila maziwa. Plagi ya silinda ya 2 na ya 3 zina oili nyeusi kwenye nyuzi zake, na hakuna iliyooshwa. Kompresheni ni 172, 168, 170 na 165. Hozi ya juu ilibaki laini mpaka injini iliposhika joto, na viputo havikuwapo. Kimiminika cha bluu hatukukipata.

Pampu ya rejeta ndiyo iliyotushangaza. Tuliipandisha hadi bar moja, na baada ya dakika 20 ikawa imeshuka hadi bar 0.6, lakini chini ya gari na kwenye injini nzima pakavu. Tuliiacha usiku, asubuhi tukazungusha injini, na hakuna silinda iliyotema hata unyevu.

Kuna jambo ambalo sikulitaja kwa sababu sikuliona kuwa linahusika. Kapeti ya upande wa abiria wa mbele huwa na unyevu. Fundi mmoja aliniambia zamani kwamba ni maji ya kiyoyozi, kwamba mpira wa kutolea maji umeziba, nikayaacha hivyo. Asubuhi pia kioo cha mbele huwa na ukungu kwa ndani ambao nikiufuta kwa kitambaa unatapakaa badala ya kutoka.

Jingine ni thamostati, ile valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto. Kijana alifungua nyumba yake ili aisafishe, akakuta haimo. Alisema watu wengi huitoa ili gari lisichemke, na akashauri niendelee hivyo hivyo.

Fundi wa Ngamiani

Mwalimu, hilo la kapeti ungelisema siku ya kwanza ningekuokolea siku 6. Nina hakika ya tisa kwa kumi kwamba rejeta ndogo ya hita, ile iliyojificha nyuma ya dashibodi, imetoboka. Watu wa pwani hatuikumbuki kwa kuwa hatujawahi kuhitaji joto ndani ya gari, lakini shinikizo la maji ya injini linaifikia kwa hozi zake hata kama hujawahi kugusa swichi ya hita tangu ununue gari. Maji yanadondokea ndani, kapeti na sponji yake vinayanywa, na maboksi yako chini ya injini yanaamka makavu.

Uthibitisho ni huu. Maji ya kiyoyozi na maji ya kisima yote hayana rangi, ndiyo maana mlidanganyika. Mwaga maji yote, tia kulanti (maji ya dawa ya kupozea injini) nyekundu au ya kijani iliyokwisha kuchanganywa, endesha siku mbili bila kuwasha kiyoyozi, kisha inua kapeti na ubandike tishu nyeupe. Usiionje, na usiiache wazi penye watoto au paka, kwani ina utamu unaovutia na ni sumu.

Hata baada ya matengenezo usirudi kwenye maji ya kisima. Wengi huku husema kulanti ni ya nchi zenye barafu. Barafu kweli hatuna, lakini kulanti hubeba pia dawa ya kuzuia kutu, nayo hupandisha kiwango cha kuchemka. Visima vyetu vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi ndani ya aluminiamu yenye joto inafanya kazi usiku na mchana. Kagua miunganiko ya hozi zako: ule ukoko mweupe unaofanana na magadi ni maji yaliyovuja kidogo kidogo na kukauka.

Kuhusu thamostati ninapingana na kijana, na hapa ndipo ninapotaka kila mwenye injini ya aina hii asome polepole. Thamostati ya injini yako imekaa upande ambao maji yanaingia, na ina valvu mbili. Ya kwanza hufungua njia ya rejeta injini ikifika nyuzi 80 na kitu. Ya pili, kwa wakati huo huo, hufunga njia ya mkato ambayo maji hupitia kuzunguka injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji yako ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa. Kwenye barabara tambarare ya Muheza, upepo ukiwa mwingi na mzigo mdogo, gari linakuwa baridi kupita kiasi, kompyuta inadhani injini haijapata joto na kuongeza petroli, na unalipa wewe. Kwenye mlima wa Mombo, ambako kila tone la maji linahitaji kupita kwenye rejeta, gari linachemka. Mshale wako ulikuwa unakueleza hayo tangu mwanzo.

Na moshi ni sili za valvu, 16 kwa jumla. Anzia kwanza kwenye valvu ndogo ya kupumulia iliyo juu ya kava la tapeti: ichomoe na uitikise. Isipolia, imeganda, na shinikizo la chini linasukuma oili juu. Kwa kompresheni uliyonayo sili zinabadilishwa hedi ikiwa mahali pake. Pistoni inashushwa kidogo, kamba inaingizwa kwa tundu la plagi hadi ijae, kisha injini inazungushwa kwa spana mpaka kamba ibanwe na kuzizuia valvu zisidondoke ndani. Kamba iwe ya nailoni. Najua tuko Tanga, lakini kamba ya katani inaacha nyuzi ndani ya silinda. Mwambie pia fundi atakayetoa kemu, ile shafti inayofungua valvu, alifunge kwa bolti lile jino lake lenye springi kabla hajaigusa, vinginevyo atalia kulirudisha.

Msafiri wa Soni

Ninakubali kwamba gasketi imepona, na ninafurahi kukosea. Naongeza jambo moja tu, kwa kuwa najua mtu atakushauri uunganishe hozi mbili za hita kwa kipande cha bomba na kuisahau. Kwa anayeishi Tanga tu, inatosha. Kwa anayekuja huku miezi ya baridi, ukungu wa saa 12 asubuhi hukaa kwenye kioo cha mbele, na hewa ya moto ndiyo inayoufungua barabara.

Fundi wa Ngamiani

Nakubaliana naye. Kiyoyozi nacho hukausha kioo, lakini kwenye mlima ule ningependa injini isibebe mzigo huo. Unganisha hozi kwa sasa ukikusanya fedha, kisha tafuta rejeta ya hita iliyotumika na uipime kwa maji kabla haijafungwa, maana kazi kubwa ni kushusha dashibodi, na hutapenda kuishusha mara mbili.

Mwalimu wa Makorora

Narudi baada ya wiki 3. Tishu ilitoka nyekundu siku ya pili, na sponji iliyo chini ya kapeti nilipoikamua ilijaza nusu ya beseni. Hozi zimeunganishwa kwa muda, thamostati mpya imewekwa, na mshale sasa unasimama karibu na nusu, Muheza na mjini. Valvu ya kupumulia haikulia, ilikuwa imeganda kama ulivyosema. Kuibadilisha peke yake kulipunguza moshi lakini hakukuumaliza, hivyo sili 16 zilibadilishwa Jumamosi kwa kamba ya nailoni. Fundi alikuwa na ya katani mkononi, nikamsomea maneno yako, akacheka na kutuma mtoto dukani.

Jumapili nilipanda Lushoto. Mshale haukuvuka nusu hadi Soni, na kopo la akiba liko pale pale nilipolitia alama kwa wino. Kapeti bado iko juani kwa mama, na mama anauliza itaondolewa lini kwenye uzio wake.